Kabla Wanga Haujakauka

Buenos Aires, 21 Agosti 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na macho yako je? Mimi mzima, ila miguu. Mzee ninayemtunza haniachi nilale, akikohoa tu anataka nimgeuze.

Nina habari njema. Bi Graciela, mwenye duka la mapambo, ameiona lesi yako mezani kwangu akapagawa. Anataka vitambaa sitini, vyote vya nakshi ya ua la mpera, vyote sawasawa, kabla ya Sikukuu ya Akina Mama, ambayo huku ni katikati ya Oktoba. Nimeshakubali. Biashara ikishika, nitaacha kazi hii nifungue kibanda changu. Wewe si unafuma kila siku hata hivyo?

Binti yako,
Zunilda

Itauguá, 30 Agosti

Mwanangu Zunilda,

Marahaba. Macho yapo, yanalalamika tu.

Sitini! Tena vyote sawasawa! Mwanangu, mimi hufuma kadiri hadithi inavyonipeleka. Jumamosi sokoni natandaza vitambaa vyangu, nafungua kijitabu cha mapenzi nilichobadilishana na don Anselmo wa vitabu, na mteja akija namsimulia kidogo. Asiponunua, basi walau amesikia hadithi. Hiyo ndiyo starehe yangu, sina nyingine. Sasa nimefika pale Rosaura anapogundua kuwa daktari wake ana mke.

Haya, nimekiweka kando. Umeshatoa neno, nami sitaki uonekane mwongo kwa watu.

Mama yako

Buenos Aires, 18 Septemba

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo.

Dereva wa basi ameleta mzigo. Mama, nusu yake imejikunja kama majani ya kabichi. Bi Graciela kavishika kwa vidole viwili, akaniuliza, “Hivi ni vya kupambia meza au vya kuoshea vyombo?” Nilitamani ardhi ipasuke. Si wewe uliyenichapa vidole utotoni kwa kuikata lesi kutoka kwenye fremu kabla wanga haujakauka? Umepatwa na nini? Tuma vingine upesi.

Zunilda

Itauguá, 25 Septemba

Zunilda,

Marahaba.

Nimepatwa na mvua, na uzee, na wewe. Imenyesha juma zima. Fremu nimezilaza hadi kitandani, mimi nalala kitini, na nyumba nzima inanuka wanga wa muhogo uliochacha. Jua halimjui Bi Graciela. Niliona siku zinakwenda, nikakata. Tangu nianze kufuma sijawahi kufanya hivyo, na niliona aibu mkasi ukiwa bado mkononi.

Nimechoka, mwanangu. Sokoni siendi tena. Don Anselmo alipita hapa akapaza sauti mlangoni, “Doña Deolinda, Rosaura anakungoja!” Sikumfungulia. Nikishika kitabu naona naiba muda wako, nikishika sindano naona hasira. Nami lesi nilikuwa naipenda.

Nitavimaliza kwa kuwa ni wewe. Ila usiniambie tena kwamba hata hivyo nafuma kila siku.

Mama yako

Buenos Aires, 9 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Samahani kwa ukimya. Kwanza nilikasirika, halafu nikaona haya.

Nimemwambia Bi Graciela basi. Kanitukana mbele ya wateja, nikachukua vitambaa nikatoka. Usifume tena hata kimoja kwa ajili ya kibanda changu. Nitaendelea kumgeuza huyu mzee hadi Mungu atakapomgeuza mwenyewe. Nimechoka na mimi, lakini uchovu wangu nisikutwishe wewe.

Rudi sokoni, mama. Na unidokezee, Rosaura kafanyaje? Nilimsimulia mzee kidogo nikimlisha. Sasa hafungui mdomo mpaka nimwambie kama amemwacha yule daktari.

Binti yako,
Zunilda

Itauguá, 23 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na mzee wako nampa pole. Mimi sijambo leo.

Jumamosi nilirudi sokoni. Nimeuza kitambaa kimoja tu, cha nakshi ya kupe wa ng'ombe. Bibi aliyekinunua alidhani ni jua dogo, nami nikamwachia raha yake. Kitabu nimekimaliza palepale, nimelia hadi don Anselmo akaniletea chai baridi ya majani ya yerba mate.

Nakutumia kitabu kwa dereva wa basi. Msomee mzee polepole. Mkifika mwisho msimlaumu don Anselmo, ukurasa wa mwisho nimeukata mimi, kwa mkasi uleule wa lesi. Nimeuweka hapa, chini ya fremu yako ya utotoni.

Miaka sita hujaja, Zunilda. Njoo uusome.

Mama yako