Halima wa Tatu

Masalani, Jumanne

Mzee wa kamati ya vitambulisho aliinua fomu yangu. "Halima Abdi? Halima Mkunga alizalisha nusu ya mji huu, tukamzika. Halima Mwalimu alichukuliwa na mto akivusha wanafunzi, tukamzika. Wewe ni Halima yupi?"

Watu wakacheka. "Abaayo, dada yangu, jina lako la utani je?" mama mmoja akauliza.

Sina. Hakuna aliyewahi kunitazama vya kutosha kunipa.

Mzee akasema nirudi na mtu anayenijua, asiye wa nyumba yetu. Kesho kutwa chuo cha ualimu kinafunga usajili, na bila kitambulisho hawanipokei.

Nimemtafuta mtu huyo kichwani tangu magharibi. Hata walimu wangu waliniita "wewe wa nyuma".