Neno Ulilolipigia Mstari

Diani, Mfungo Tano

Mjomba,

Barua hii naiandika kwa Kiswahili. Zile nilizokuandikia ukiwa hai ulitaka ziwe kwa Kiingereza, ingawa tulikaa nyumba moja, nawe ulizirudisha zimejaa kalamu nyekundu. Leo hakuna cha kusahihisha. Kalamu yako ninayo mimi, na kamusi yako ninayo, na hiyo kamusi ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Ijumaa nilimwambia Bibi. Nilimwambia habari ya karatasi ya shamba, na habari ya neno, na yale niliyoyasema mimi siku ya maziko yako. Sijui kama huko uliko habari hufika. Kama hazifiki, zipokee kwangu, maana ulipokuwa ukisikia hukunipa nafasi.

Mama yangu alipofariki nami nikabaki mikononi mwa Bibi, wewe ulikuwa ndio kwanza umerudi kutoka vitani Burma. Ulirudi na viatu, na kalamu kwenye mfuko wa shati, na Kiingereza. Watu walikuja kutoka Msambweni, wengine kutoka Mkongani kwa miguu, wamefunga barua zao ndani ya vitambaa. Uliwakalisha barazani, ukaisoma karatasi kimya kwanza, midomo ikichezacheza, kisha ukawaambia yasemaje. Sikukusikia hata siku moja ukimwambia mtu kwamba hujui. Nilidhani ni kwa sababu ulijua.

Majirani walisema msichana akishahitimu Kurani yamtosha. Wewe ukasema haimtoshi. Kila alasiri, nikisharudi kutoka chuo cha Kurani, ulinikalisha mkekani tukasoma maandishi ya mkebe wa maziwa, au kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Ukinipa neno, nilikwenda nalo jikoni nikawa nalitaja kila nikikuna nazi, mpaka Bibi akaniambia nimemchosha masikio. Kisiwa cha Chale ulinifundisha kukiita "is-land", na s yake isikike vizuri. Nikaisikizisha.

Nilikupenda, Mjomba. Nalisema mapema, lisije likapotea chini ya haya mengine.

Nilikuwa na miaka kumi na minne yule Mzungu alipokuja. Alifuatana na karani wa wakili mmoja wa Mombasa, karani amebeba karatasi ndani ya mkoba. Alilitaka shamba la Bibi la ufuoni, lile la minazi, lenye makaburi ya wazee wetu upande wa kusini. Mimi ndiye niliyeleta madafu, kwa hivyo niliyaona yote. Bibi alisema shamba lake haliuzi, ila kama mtu anataka kujenga mahali pa kupunga upepo kwa miaka michache, na aseme. Ukamgeukia Mzungu mkasemezana. Kisha ukaichukua karatasi ukaisoma kama desturi yako, na ukafika mahali ukasimama. Nakikumbuka kidole chako kilivyosimama. Karani akakuuliza kama kuna jambo. Baraza nzima ilikuwa ikikutazama. Ukasema hakuna.

Ukamwambia Bibi: "Mama, hii yaitwa freehold. Hold ni kushika. Free ni huru. Maana yake yeye anashika tu, na wewe u huru kumwondoa utakapo."

Bibi akauliza, sasa hizi fedha anazotoa ni za nini. Ukasema ni ada ya kuingilia. Akatia kidole kwenye wino.

Mwaka wa pili seng'enge ikazunguka shamba. Bibi alikwenda kuangua nazi zake akamkuta bawabu langoni, akarudishwa. Akakwambia nenda ukaseme na mtu wako. Ukavaa viatu ukaenda, ukarudi ukasema ni kwa ajili ya wezi tu, na kwamba Wazungu wana hofu kwa ile hali ya hatari iliyotangazwa bara, tuwastahimilie. Wiki ile ile ukavuka Likoni kwenda Mombasa, ukarudi na kamusi. Nilifurahi mno, nikidhani ni ya masomo yetu. Ukaifungia sandukuni. Tangu hapo masomo yakapungua. Nikikuuliza neno, unasema umechoka.

Nilipotaka kazi, nikapata ya uyaya nyumbani kwa Mzungu huyo huyo, kumlea mtoto wake. Hukunizuia. Hilo nalo nimelifikiri sana, jinsi ulivyokaa ukutani pale ukinitazama nikifunga leso yangu.

Yule mtoto alikuwa na miaka mitano, naye ndiye mwalimu wangu wa pili. Siku za mwanzo nilimwonyesha Chale kwa mbali nikamwambia ile ni is-land. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Akaniambia s ile ipo lakini haisemwi. Nilikasirika kwa niaba yako. Nikamwambia mjomba wangu alipigana vitani. Akasema sawa, lakini s haisemwi. Kila siku alinirekebisha neno, bila kalamu nyekundu, akichezea ndoo yake, na mwaka ulipokwisha nilikuwa nasikia yote wanayoyasema mezani. Wao hawakujua. Anayeshika sahani humhesabu pamoja na sahani.

Alasiri moja walikuwa na wageni. Mgeni mmoja akauliza kama hawaogopi kujenga nyumba ya mawe kwenye ardhi ya wenyeji. Memsahib, mkewe Mzungu, akasema hapana, hii ni freehold, yetu kabisa, yetu na ya watoto wetu na watoto wao. Akasema yuko bibi kizee ambaye bado huja kusimama kwenye seng'enge kuhesabu minazi, anadhani ni yake, maskini. Wakacheka kidogo, tena si kwa ubaya. Nilikuwa nimeshika birika la chai kwa mikono miwili. Nilipoliweka chini viganja vilikuwa vimeungua.

Nilikujia siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Kifua chako kilikuwa kimeshaanza kukusumbua, umelala ukumbini. Nikakuuliza neno lile maana yake nini.  Ukasema, "Kiingereza chako wewe ni cha jikoni. Umekiokota kwa mtoto mdogo. Mimi nilifundishwa na maofisa." Ukageukia ukutani.

Sikuuliza tena. Nilikuwa najua, na nilikuacha unishinde, kwa sababu hata maneno niliyokuja nayo kukushtaki ulinipa wewe. Uliishi miezi minane baada ya hapo. Tulizungumza habari ya dawa na habari ya uji.

Ulifariki asubuhi. Bibi akasema uzikwe kando ya baba yako. Wazee wakashika majembe tukaenda langoni, na pale langoni wote wakanigeukia mimi, maana aliyezoea kutusemea alikuwa amelala nyumbani amefunikwa. Bwana, yule Mzungu, akatoka. Nikamwomba kwa Kiingereza, kwa adabu zote ulizonifundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasikitika, lakini mahali hapa ni mali yake, na hawezi kuruhusu kaburi jipya mbele ya nyumba. Yale yaliyopo ameshayavumilia. Akasema serikali ina makaburi yake. Akanipa pole, akarudi ndani.

Nyuma yangu mzee mmoja akauliza, "Asemaje?"

Mjomba, nilikuwa nimekisikia chote. Hapakuwa na neno hata moja nisilolijua. Nikageuka nikasema, "Anasema maji yako karibu hapa. Kaburi litajaa."

Wakakubali, kwa kuwa ufuoni hutokea hivyo. Tukakuzika kando ya barabara, ambako malori ya miwa hupita na kukutia vumbi. Na Bibi alinituma kesho yake nimpelekee Mzungu shukrani kwa kutuonya.

Siku hiyo nilikujua. Nilijua jinsi ilivyo rahisi. Watu wanakutazama, jua kali, maiti yangoja, na uongo uko karibu na ulimi kuliko kweli. Nilirudi nyumbani nikiwa tayari kukusamehe, na pengine ningalikusamehe, lau si lile sanduku.

Baada ya arobaini Bibi alinipa ufunguo nitoe nguo zako za sadaka. Chini ya koti la jeshi niliikuta kamusi. Nikalitafuta neno. Umelipigia mstari wa penseli, tena na tena, mpaka karatasi imetoboka. Maana yake imeandikwa pale kwa Kiswahili ambacho mtoto wa chuoni angekielewa: umiliki wa daima.

Kwa hivyo siku ya karatasi hukujua. Hilo nakupa. Ulikisia ukakosea, na binadamu hukosea. Lakini wiki ile ya seng'enge ulijua. Miaka minne mizima ulikuwa ukijua, na miaka minne hiyo Bibi alikuwa akikutuma kila msimu wa kuangua ukamwambie Mzungu muda umetosha, nawe ukivaa viatu, ukienda, ukirudi na jibu. Anasema avumiliwe. Anasema mwakani. Ulikuwa ukienda wapi, Mjomba? Nimemuuliza bawabu. Tangu aanze kazi hajakuona ukigonga lango lile hata mara moja.

Kama ungalikula fedha zao, ningekuchukia mara moja nikapumzika. Hukula kitu. Ulitutoa ufuoni kwa ajili ya uso wako, usije ukaonekana mbele ya karani kwamba neno moja limekushinda. Na baadaye, ulipolijua, ukanyamaza kwa ajili ya uso ule ule. Karatasi ilikuwa bado mbichi wakati huo. Kulikuwa na mahakama, kulikuwa na liwali, kulikuwa na watu walioshuhudia barazani ambao wengine sasa mmefuatana huko. Neno moja tu ulilotakiwa kusema, na la Kiswahili. "Nimekosea." Nimelisema mimi sasa kwa niaba yako, na kinywani mwangu halina ladha.

Ijumaa baada ya sala nilimkuta Bibi uani anasuka makuti. Nilianza na kosa langu, la langoni, ili nipate haki ya kusema lako. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alijua?"

Nikaiona njia ile tena, Mjomba, njia yako, imefunguka mbele yangu na ni fupi. Nikasema, "Mwanzo hakujua, Bibi. Baadaye alijua."

Alimaliza kuti lake. Akalilaza juu ya mengine. Akasema, "Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimtuma dukani. Akisahau nilichomtuma, hurudi na kitu kingine, akasema ndicho nilichomwambia. Nami nilikipokea." Kisha akaniomba maji. Hakulia mbele yangu. Lakini tangu siku hiyo hajaenda tena kusimama kwenye seng'enge, na makuti hasuki.

Usidhani nimepumua. Nilidhani nitapumua. Nyumba imekuwa kimya, na mara nyingine namwona akinitazama kama anayejiuliza ni lipi jingine nililomtafsiria visivyo.

Watu siku hizi huja kwangu na barua zao. Juzi alikuja mvuvi kutoka Shimoni, ametembea sehemu na kupanda lori sehemu, na barua ya serikali. Niliisoma mara mbili. Palikuwa na maneno mawili nisiyoyajua, na kamusi yako nayo hainayo. Nikamwambia hivyo, nikamwambia sehemu hii naielewa na sehemu hii siielewi, atafute mwingine amsomee. Aliikunja barua yake taratibu. Akasema, "Marehemu alikuwa akijua yote." Nikamwacha aende. Sikuwa na nguvu ya kukutetea, wala ya kukutia aibu.

Uyaya nimeuacha. Mtoto alinililia, akanishika leso, akaniuliza kwa Kiingereza kosa lake nini. Nilimjibu kwamba hana kosa, na hiyo ni kweli, ingawa kitanda chake kimesimama juu ya shamba letu. Nimejifunza lugha yao kwa watu wawili, Mjomba. Mmoja hakujua ananifundisha. Wa pili ni wewe, na kila neno ninalolikumbuka kutoka kwako sasa nalipima upya kabla ya kulitumia, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Wiki ijayo navuka Likoni na nakala yetu ya ile karatasi kumtafuta wakili. Pengine atacheka. Pengine hakuna sheria ya kumrudishia mtu kile alichokitilia kidole chake mwenyewe. Bibi amesema niende hata hivyo, ili jambo hili lisemwe walau mara moja na mtu asiyetuonea haya.

Dua nakusomea, kwa kuwa ni wajibu, na kwa kuwa sikupewa mjomba mwingine. Radhi sijaweza. Nikisema nimekuwia radhi nitakuwa nimekudanganya, na katika nyumba hii tumekwisha danganyana vya kutosha. Mungu akupunguzie. Akupokee kwa yale mema uliyoyafanya kwenye ule mkeka, kila alasiri, hata kama nusu yake ilikuwa ya kukisia.

Ahadi ninayokuachia ni hii, na nyingine sina. Wakili akinisomea, nitamwambia asome polepole. Neno likinipita nitamkatiza, mbele ya karani wake na mbele ya wote watakaokuwapo, nimwambie silijui. Akinieleza nisipoelewa, nitamkatiza tena. Na atakalolisema mwishoni, lolote liwe, Bibi atalipata kama lilivyo.

Kwa heri, Mjomba.

Mpwa wako,
Mwanatumu