Kofia Kutoka Maji ya Moto

Alhamisi, 4 Agosti 1949
Shemeji Nyasani amerudi. Kaleta kofia ya mume wangu Ratemo, basi. Ratemo alikuwa akiwabebea mizigo Wazungu wanaopima mbuga ya wanyama kule Bonde la Ufa. Nyasani anasema huko maji yanachemka yenyewe ardhini, yanaruka juu kupita nyumba — hakuna kuni! Kofia ilikutwa ukingoni mwa dimbwi. Mwenyewe hakuonekana. Wazungu wameshahama kambi.
Nimepika uji, nimekunywa. Haukuwa na ladha.

Ijumaa, 5 Agosti
Majirani wamejaa uani, wanalia. Mimi silii. Wananong'ona kwamba nina moyo wa jiwe. Labda. Nimevuna wimbi mpaka jioni.

Jumapili, 7 Agosti
Ombui, baba mdogo wa Ratemo, kaamua. Maiti hakuna, kwa hiyo Jumatano tutazika mgomba badala yake. Kisha nikatwe ebitinge, vyuma vya miguuni alivyonivisha mama mkwe siku ya harusi. Mume akiwa hai havitoki. Mhubiri alitaka nivivue nilipobatizwa, Ratemo akakataa katakata. Vikitoka mimi ni mjane, na nitakuwa wa Nyasani. Ni mtu mzuri, Nyasani. Siku hizi hanitazami usoni.
Nimejaribu kulia. Wapi!

Jumatano, 10 Agosti
Mgomba uko uani, umefunikwa blanketi la Ratemo. Urefu ni wake kabisa — nani aliuchagua? Ombui akaja na mhunzi wa Magwagwa, na tupa ya kukatia vyuma.
Nikamuuliza Nyasani mbele ya watu, ulimwona? Akasema maji yale yakimeza mtu hayaachi kitu. Nikasema sikuuliza hivyo. Ulimwona? Akasema hapana. Kofia tu.
Ombui akaniambia niingie ndani ninyooshe miguu, jua linapanda. Nikainyoosha. Sikujali, kweli sikujali. Mhunzi akapiga magoti.
Hapo mama mkwe akainuka — yeye aliyekuwa wa kwanza kupiga yowe kofia ilipofika! Akaja akaketi juu ya miguu yangu. Ombui akamwambia Nyamoita, toka hapo. Akajibu kwamba vyuma alivivisha yeye, na mwanawe hajamuaga.
Bado ameketi. Wanaume wametoka, wanangoja mlangoni na tupa yao. Naandika hivi hivi, kitabu pajani. Mama ni mzito! Vyuma vinaingia nyamani. Vinauma. Mungu wangu, vinauma.
Asiinuke.