Jiwe Nililolichemsha

Mjukuu wangu Njeri,

Hapa mtaani Section 58 tuko salama, na magoti ya nyanya yako, cucu, yamepata nafuu. Umeniuliza kama unaweza kuchemsha mawe ya tangi lako la kioo la kufugia matumbawe ili uyasafishe. Tafadhali, usithubutu: baadhi ya matumbawe yana sumu inayopanda na mvuke.

Mwaka wa 2007 nilikuwa na tangi la maji ya chumvi lililochukua ukuta mzima wa sebule. Jiwe moja lilifunikwa na matumbawe laini nisiyoyataka, nikaliweka kwenye sufuria jikoni lichemke, nikatoka. Cucu wako alikuwa humo akipika. Baada ya saa chache alianza kutetemeka, akashindwa kupumua vizuri.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Mzee, kuna kitu amekula ama amevuta?"

Nikanyamaza. Cucu alikuwa amelikataa tangi hilo tangu mwanzo, nami niliona aibu. Kisha nikaona midomo yake ikibadilika rangi.

"Ni mvuke wa jiwe langu," nikasema.

Alilazwa siku nne. Alipoweza kuongea aliniuliza, "Kwani ulinyamazia nini?"

Hadi leo akikohoa tu, naacha ninachofanya na kumkimbilia.

Ni mimi, guka wako anayekuwaza.