Mashine ya Baba Mkwe Huulizwa Kwanza

BARUA

Mpendwa Bibi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako, na ikiwezekana naomba usinikaripie sana, kwa sababu mke wangu hukusoma kila wiki na atanitambua hata nikijificha nyuma ya mlango.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya maji, na kazi hiyo niliipata kwa mkono wa baba mkwe, ambaye alikuwa mkuu wa mitambo pale kabla hajastaafu, ndiye aliyevuta waya wa kwanza na kufunga mashine ya kwanza, na mzee yule kazi aliijua, hilo sibishani na mtu. Sasa Bibi, ili unielewe, kompyuta haijui majina kama sisi, inajua namba tu, kwa hiyo mtu akiandika jina la tovuti, kompyuta yake kwanza huenda kuiuliza mashine nyingine, "jina hili namba yake ni ipi?", ikishajibiwa ndipo inaendelea, na kila kompyuta ina orodha ya mashine za kuulizwa, kuna ya kwanza na kuna ya pili, na ya pili haiulizwi mpaka ya kwanza inyamaze vya kutosha. Ya kwanza kwetu ni mashine ya baba mkwe. Iko stoo, imefunikwa kitambaa, taa inawaka, feni inanguruma, lakini kujibu haijibu tena, imezeeka, na neno la siri la kuingilia ndani yake analo mzee kichwani na hataki kulitoa, basi kila kompyuta ya ofisi inauliza, inangoja, inangoja, inakata tamaa, ndipo inaiuliza ya pili, ambayo hujibu papo hapo, na ukurasa mmoja tu wa ankara una majina kadhaa ndani yake, kila jina na ngoja-ngoja yake.

Siku anaagwa mzee alisimama akasema, "Mimi naondoka, lakini mashine yangu msiishushe," watu wakapiga makofi, na mpaka leo akipita kutusalimia hunivuta mkono, "Mkwe, hebu nionyeshe orodha," namwonyesha, anaiona namba ya mashine yake iko juu, anatabasamu, anaondoka. Nilipomgusia mke wangu kwamba nataka kuiondoa alisema, "Ukiizima hiyo umemzima baba," nami nikaiacha ilivyo.

Meneja wetu kahangaika, kanunua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti na haikusaidia, maana barabara haikuwa na tatizo, aliyegongewa mlango ndiye asiyeitikia, akaitisha semina ya nidhamu ya mtandao, akaunda kamati ya kuchunguza ucheleweshaji, na kamati ikachelewa kutuma ripoti yake kwa sababu ya mtandao.

Kinachonisumbua, Bibi, ni karani wetu wa dirishani, dada mpole, anaandikisha wateja na kupokea malalamiko, foleni inamfokea yeye, "Wee dada, tutaota mizizi hapa!", naye anajibu, "Mama, mimi nimeshabonyeza, imebaki yenyewe kukubali." Meneja akisikia kelele hutoka ofisini kwake na kusimama nyuma ya kiti cha dada, na hapo ukurasa unafunguka mara moja, kwa sababu kompyuta ikishajibiwa jina hulikumbuka kwa muda, kwa hiyo dada anakuwa amekwisha kungoja peke yake na Meneja anakuta chakula kimeiva. Meneja akatangaza mbele ya foleni, "Nikisimama mimi inakwenda, nikiondoka inalala. Ugonjwa si mashine, ni mtu!" Sasa dada anatuhumiwa kwamba anatazama sinema saa za kazi, Ijumaa ana kikao cha nidhamu, na kila mtu anajua hatarudi kwenye kile kiti. Na juzi kwenye mkutano Meneja alinigeukia akaniuliza, "Fundi, inawezekana hizo sinema ndizo zinazotuchelewesha?" nami nikajibu, "Inawezekana." Nilisema neno hilo moja tu, Bibi.

Kuna jambo dogo la mwisho, kompyuta yangu mimi niliitoa kwenye utaratibu huo, inaiuliza mashine ya pili moja kwa moja, inakwenda kama umeme, kwa hiyo wenzangu wenye haraka huja mezani kwangu niwafungulie, wananiita Daktari, wengine hunijia na chai, lakini hilo si tatizo, nimeliandika tu ili uwe na picha kamili.

Nifanyeje ili baba mkwe asivunjiwe heshima, mke asinune, na yule dada asiumie?

Fundi wa kompyuta, ofisi ya maji


JIBU LA BIBI

Marahaba. Ombi la kutokaripiwa limekataliwa, na mkeo msalimie.

Mimi shule yangu iliishia pale wenzangu walipoanza kujifunza kugawanya. Hayo yako ya namba na majina nimeyasoma polepole nikayaelewa, tena sikuyaona mageni. Kwa wakwe zangu mimi hapakufanyika kitu kabla ya kuulizwa kaka mkubwa wa mume wangu. Posa, msiba, hata kuku akiugua. Naye ukimuuliza anatazama dari. Sisi tunangoja. Mvua zikaja, paa likavuja juu ya kitanda cha mama mkwe, mama wa watu analala na beseni tumboni, na sisi watu wazima wenye akili zetu tunangoja shemeji aseme kitanda kisogezwe upande gani. Nikamwendea. Nikamwambia, "Shemeji, sisi tunakuheshimu, lakini mvua haijakuheshimu." Nikashika kitanda upande wa kichwani. Unajua alifanya nini? Akashika upande wa miguuni. Mtu wa watu alikuwa amechoka kuulizwa, na hakuna aliyekuwa na adabu ya kumpumzisha.

Kwa hiyo usiniletee habari za heshima. Unamwita mzee aliyejenga kitu kwa mikono yake, unamwonyesha namba iko juu, unajua fika haijibu, naye anatabasamu. Huko ni kumpa mtu mzima simu ya plastiki azungumze. Angelijua, angekuchapa bakora, nami ningemshikia koti.

Nakuhurumia kidogo. Kazi ya kupewa na mkwe ni mfupa kooni, kila ukitaka kusema kweli unakohoa. Hilo nalielewa. Tena una Meneja ambaye, mtu kalala ndani, yeye anapanua barabara ya kwenda nyumbani kwake. Kamati! Semina! Mimi mlango wangu ukikwama huwa naangalia bawaba, siitishi mkutano wa vyumba vyote.

Lakini nilipofika kwenye lile "jambo dogo la mwisho" nilivua miwani nikaiweka mezani.

Kumbe dawa unaijua. Umeinywa peke yako, kisha umekaa katikati ya wagonjwa unapokea chai! Na baba mkwe unamsingizia bure. Mtu anayemwogopa mkwe kweli angengoja pamoja na wenzake, kompyuta yake nayo ingesinzia kama zao. Wewe ulipata ujasiri wa kuivunja amri ya mzee pale ilipokuwa kwa faida yako, ukaishiwa ujasiri ilipofika zamu ya yule dada. Kinachokushika ni kuitwa Daktari. Ofisi nzima ikianza kwenda mbio, nani atakuja kwenye hiyo meza yako? Utabaki fundi kama mafundi wengine, unafuta vumbi. Hilo ndilo unaloliogopa, baba, na mzee wa watu umemweka mbele kama pazia.

Na "inawezekana". Neno moja, unasema. Hata "fukuza" ni neno moja. Wewe peke yako katika ofisi ile ulijua kwamba haiwezekani. Meneja alikosea kwa ujinga, na ujinga unatibika. Wewe ulimtazama mwenzako anayekula kwa jasho lake, ukapima kazi yake na kikombe cha chai, kikombe kikawa kizito zaidi. Usimwite tena "dada mpole". Upole wake ndio ulioutumia.

Sasa fanya hivi, na usiongeze la kwako.

Kesho usingoje mtu. Kabla dirisha halijafunguliwa, ipange ile orodha upya kwa kompyuta zote, inayojibu iulizwe kwanza. Mashine ya mzee iache palepale stoo, ikitaka kunguruma ingurume. Kompyuta ya dirishani tu usiiguse kwanza. Nenda kwa Meneja, umwombe akalie kiti cha karani mapema kabisa, wakati kompyuta haijakumbuka jina lolote, amhudumie mteja wa kwanza yeye mwenyewe. Angoje. Aambiwe na yeye kwamba watu wataota mizizi. Akishatoka jasho, ibadilishe mbele ya macho yake, aone. Usimweleze kwa lugha ya kitaalamu, nawajua nyinyi, mtaanza "changamoto" na "mfumo" mpaka kosa likose mwenyewe. Sema maneno haya: "Niliposema inawezekana, nilijua si yeye." Basi. Ukimaliza kusema, funga mdomo.

Huenda akakufukuza wewe. Ni haki yake, na itakuwa mara ya kwanza amemfukuza mtu sahihi.

Jioni hiyohiyo nenda kwa baba mkwe, na mkeo mwende pamoja, asije akaisikia njiani. Usipeleke sukari wala kitambaa cha suti. Mwambie, "Baba, mashine yako imechoka, nimeishusha, na nimekuwa nikikudanganya." Atafoka. Mwache afoke, mzee anayefoka yuko hai. Akishapoa, muulize zile waya zimepita wapi chini ya sakafu, maana nina hakika wewe hujui, na hapo hakuna wa pili wa kuulizwa. Mzee aulizwe anachoweza kujibu. Nawe binti unayenisoma kila wiki, baba yako si sanduku la stoo. Kama unamwogopea kusahauliwa, mtembelee.

Sasa huyo karani. Usimkimbilie na machozi kabla ya Ijumaa. Mtu anayengoja kufukuzwa atakusamehe kwa hofu, na wewe utalala usingizi mtamu juu ya hofu yake. Ngoja kikao kifutwe. Na kisifutwe kwa kunong'onezana ofisini. Meneja alimwaibisha mbele ya foleni, atoke akaseme mbele ya foleni, kwa sauti ileile, kwamba mtu alikuwa mzima, mashine ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Akikataa Meneja, sema wewe, una mdomo.

Akishakaa kwenye kiti chake akajua ni chake, ndipo uende dirishani kama mteja, upange foleni kama watu. Zamu yako ikifika, taja kosa lako. Habari za mkwe na mke usimwambie, hazimhusu. Akikutukana, mwache amalize. Asiposema kitu, usimlazimishe aseme.

Kisha ondoka hapo upesi, nyuma yako kuna watu.