Waifai Imepona, Kinyozi Nje

Mama, Baba na Dada,

Mmechelewa kurudi, natoka mbio kwenda gereji. Chai iko kwenye chupa. Waifai nimeshaiseti upya, kile kiboksi asikiguse mtu. Baba hasa.

Mnajua nilikuta simu kumi na tatu zimeunganishwa, na sisi tuko wanne? Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anaangalia mpira kwetu, yeye na wateja wake! Mama, neno la siri ulilibandika kwenye friji, na kila siku ndipo hapo anapoombea maji baridi. Ndiyo maana jana sura ya Dada ilikuwa inaganda akijaribu video. Leo saa nane ana usaili wa kazi kwa video, sitaki mchezo.

Neno jipya siliandiki hapa. Ni yale maneno ya kejeli Baba aliyonirushia asubuhi na mswaki mdomoni, ya shule na waifai. Mlicheka wote, hamwezi kusahau. Herufi ndogo, yote yaunganishwe.

~~Baba akiniomba radhi nitalibadilisha.~~ Acha libaki, ni refu, hakuna wa kulibahatisha. Ila Baba, mwandikie Dada kwenye simu yake wewe mwenyewe, kwa vidole vyako. Ikishika, nipigie.

Kitindamimba wenu: shule hakumaliza, waifai kamaliza.