Upande Wake wa Sinia

Jumatano. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, ikaacha adhuhuri, ikarudi. Kuta za jikoni zinatoa jasho na chumvi imeshikana ndani ya kopo. Nimeanza na hayo kwa sababu ni ya kweli na hayanigharimu kitu. Yanayofuata yananigharimu.

Binti yangu hali chakula.

Simaanishi kwamba anachagua vyakula. Namaanisha kwamba amekuwa akijinyima nyumbani kwangu, mbele yangu, kwa muda ambao siwezi kuutaja, mimi mwandishi wa habari, ambaye kazi yangu ni kutaja muda. Ana miaka kumi na sita. Tunaishi watatu katika nyumba ya mama yangu, Mji wa Kale: mama, ambaye sote twamwita Bibi, binti yangu na mimi. Mke wangu ni muuguzi huko Doha, yuko mwaka wa pili wa mkataba.

Wanaofuata ukurasa huu wa mapishi wanajua jinsi ulivyoanza. Idd ya kuchinja iliyopita mbuzi alifungwa uani siku nne, na binti yangu akawa anamletea majani na maganda ya ndizi. Siku ya tano alikataa pilau. Alisema hatakula tena kitu kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, samli, hata asali. Alisema kwa utulivu na hakumshutumu mtu. Nilimwamini, nami nikaacha pamoja naye, kwa sehemu kwa sababu alikuwa na hoja, na kwa sehemu kwa sababu sina subira ya vyungu viwili.

Huku Pwani, hili si jambo gumu. Mbaazi za nazi hazijawahi kuhitaji ng'ombe, wala mahamri, wala mchicha wa nazi, wala muhogo. Mchuzi wa kupaka nilimwagia biringani iliyochomwa badala ya samaki, na Bibi alikula bila kulalamika, jambo ambalo kwake ni sifa. Niliandika yote hapa kwa vipimo. Watu waliniandikia kwamba mimi ni baba wa mfano. Niliwasoma.

Kilichonishinda ni mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui. Bibi huutia ute wa yai uliopigwa hadi ukawa povu. Bila ute, mkate huumuka vizuri kisha katikati hudidimia kama godoro la kitanda cha kamba. Nimejaribu mara tisa.

Tulikuwa tukitoka pia. Jumamosi jioni tulikwenda kwa Bi Rukia, anayekaanga viazi vya karai pembeni ya njia yetu, nami nilimhoji kama nilivyozoea kuhoji watu.

"Bi Rukia, karai hili lakaanga samaki pia?"

"Samaki ana karai lake. Na mayai sitii, kabla hujaniuliza. Watu wa kanjo, na leseni zao, waniuliza machache kuliko wewe." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe mwanangu, huyu babako akuhoji hivi nyumbani?"

"Haniulizi kitu, Bi Rukia," alisema binti yangu, akacheka.

Nilidhani ananisifu. Tulichukua viazi vyetu kwenye gazeti, tukatembea. Yeye alibeba vyake hadi nyumbani, na nyumbani sikujua vilikwenda wapi.

Jumatatu alianguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni.

Jana nilimpeleka kwa daktari, mama wa makamo anayezungumza polepole na kuandika kwa haraka. Alimpima, akamwomba asubiri nje, akafunga mlango.

"Baba, nyumbani anakula nini?"

Nilikuwa na majibu. Nilimtajia wiki nzima: mbaazi Jumatatu, kunde Jumanne, wali na maharagwe, viazi vya tui, matunda, njugu. Nilimweleza ninavyoloweka na ninavyochuja. Nilipomaliza nikaona hajaandika neno.

"Sikukuuliza unapika nini," alisema. "Umemwona akila, au umeona chakula kimekwisha?"

Nimekaa mahakamani miaka mingi nikisikia mawakili wakiuliza maswali ya namna hiyo. Huwa namwangalia shahidi na kujua dakika ile ile kwamba amekwisha. Jana shahidi nilikuwa mimi.

Nilimwuliza kama kosa ni kuacha nyama na maziwa. Akasema hapana, mtu anaweza kula hivyo akawa na afya nzuri, mradi ale. Kuna vitamini moja ambayo mimea haimpi mtu ya kutosha, akaandika vidonge vyake. Kuacha nyama ni jambo moja, alisema. Hili ni jingine, limepata pa kujibanza. Akanielekeza kwa mtaalamu wa maradhi ya namna hii. Nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu. Hadi hapo nikae naye wakati wa kula, nisigombe, nisibembeleze kupita kiasi, na asifunge.

Wiki tatu. Nilitembea naye hadi nyumbani kwenye mvua, nami nikawa najaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomwona akitafuna.

Sisi twala kwenye sinia moja. Wali katikati, mchuzi juu yake, kila mtu na upande wake, mkono hauvuki mpaka. Kinachovuka ni hisani: ukiona kitu kizuri upande wako, wamsogezea mkubwa. Binti yangu alimsogezea Bibi. Kipande cha biringani, kisha kiazi, kisha wali uliokolea mchuzi. Kila siku, kwa ncha za vidole, akizungumza. Upande wake ulikwisha pamoja na pande zetu. Sinia lilirudi jikoni tupu, nami niliosha sinia tupu nikaridhika.

Jana nilimwuliza mama kama alijua.

"Nilijua yuwanisogezea," alisema. "Nikasema huyu mtoto yuna adabu, amelelewa. Na tonge ukisogezewa, utalirudisha? Wamvunja moyo mtu." Akashika kiuno chake kwa mikono miwili. "Ningeona nini, na macho haya? Nimenenepa mimi kwa adabu ya mjukuu wangu."

Hakuwa akitania.

Mchana nao ulikuwa na maelezo yake. Jumatatu na Alhamisi alifunga sunna. Tangu Ramadhani imalizike, siku nyingine alisema analipa. Wanawake wana siku wasizofunga ndani ya mwezi, na huzilipa baadaye, na baba haulizi ni ngapi. Sikuuliza. Ningeuliza ningeonekana sina haya, na Bibi angekuwa wa kwanza kunikemea. Sasa nimeketi na kalamu nikijumlisha siku alizosema analipa, na zimepita mwezi wenyewe.

Huruma kwa mbuzi, adabu kwa bibi yake, ibada. Nimezoea kutafuta uongo mahali penye aibu. Sikujua niutafute mahali penye sifa.

Kuna jambo jingine, na nikiliacha nitakuwa nimeandika habari nusu. Mwezi wa pili aliniletea saa yake ya mkononi akaniomba nitoboe tundu jipya kwenye mkanda. Nilipasha msumari kwenye gesi nikatoboa. Tundu lilitoka duara safi. Nilifurahi kwamba bado kuna vitu anavyonihitaji.

Wiki chache baadaye nilitoboa jingine.

Mama yake nilimwambia jana kwa simu. Hakulia. Aliniuliza maswali ya kiuguzi, moja baada ya jingine, kuhusu kucha, nywele, baridi ya mikono, nami nikawa najibu sijui, sijui, ngoja nitazame. Mwishowe akasema, "Kwenye simu huwa aniwekea uso tu." Ndiyo hivyo. Nami niliyekuwa naye chumba cha pili nilionyeshwa uso tu, na buibui.

Leo hakwenda shule. Nami sikwenda kazini. Nilifanya ninachokijua: niliuanza tena mkate wa kumimina. Mchele ulilowekwa tangu jana. Niliusaga kwa tui zito, nikatia hamira, sukari na iliki, na safari hii nikachota kikombe cha ule mchanganyiko nikakipika motoni hadi kikawa uji mzito, kikapoa, nikakirudisha. Nikauacha uumuke nikaenda kukaa naye sebuleni. Yeye alisoma kitabu. Mimi nilisoma ukurasa mmoja wa gazeti mara nne.

Mkate umeumuka na haukudidimia. Umetoka na matundu madogo madogo juu kama inavyotakiwa, na ukingo wa rangi ya kahawia. Mara ya kumi. Siku nyingine yoyote ningeupiga picha kwanza.

Saa kumi nilimkatia kipande nikakiweka kwenye sahani, na chai ya rangi pembeni.

"Mbona sahani?"

"Basi tu."

"Sisi hatuli kwa sahani, Baba." Aliitazama, kisha akanitazama. "Umeanza kunipima."

Nilikaa karibu naye. Alisema ahsante, kwa sababu siku zote husema ahsante. Alivunja kipande kikawa viwili, viwili vikawa vinne, akavisogeza, akavibonyeza, akanywa chai, akapangusa vidole. Baada ya robo saa sahani ilionekana kama ya mtu aliyekula. Ni ufundi. Nisingekaa karibu ningeiosha sahani ile nikaridhika tena.

"Ni kwa sababu ya yule mbuzi?" nilimwuliza.

"Ya mbuzi yalikuwa kweli." Hapo sauti yake ilipanda kidogo. "Usimtie mbuzi katika hili."

"Basi ni nini?"

"Sijui, Baba."

Nimesikia "sijui" za mawaziri, za makarani wa bandari, za askari waliokuwa wamesimama hatua tatu kutoka pale jambo lilipotokea. Karibu zote zilikuwa za uongo na nilijua la kufanya nazo. Hii haikuwa ya uongo. Sikujua la kufanya nayo.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika hapa. Niliona ni haki yake, na pia niliona nikinyamaza mapishi yote ya nyuma yatabaki yakidanganya.

"Andika," alisema. "Usitaje jina langu. Na usiseme ni mboga. Watu watasema ni mboga."

Kwa hiyo nasema: si mboga. Mkisikia mtu akimwambia mtoto wake kwamba mapishi ya ukurasa huu yalimwangusha msichana shuleni, mwambieni amekosea. Yangemfaa kama angeyala.

Baada ya magharibi mvua ilikatika. Bibi alikuwa bado kwenye mswala, chumba cha pili, mlango wazi. Nilikuwa nakuna nazi. Binti yangu akaja kwenye mlango wa jikoni akiwa na ushungi wake wa kuswalia.

"Baba, kesho Alhamisi," alisema. "Usiniwekee cha mchana. Nitafunga."

Alisema kawaida, kama anavyosema kila wiki. Daktari alikwishasema asifunge, nami nilimweleza hilo njiani tulipokuwa tukirudi. Nilisimama na kifuu mkononi. Baba amwambie nini binti yake anayesema anafunga? Sentensi zote nilizozipata zilianza na "usi" na kuishia na jambo jema. Nikatafuta swali. Sikupata swali.

"Mgonjwa hafungi."

Ilikuwa sauti ya Bibi. Hakuipandisha. Hakugeuka hata, nilimwona kwa nyuma, tasbihi mkononi.

Tangu Jumatatu, katika nyumba hii, hakuna aliyetamka neno hilo. Mimi nilisema hali, nilisema uchovu, nilisema jambo hili. Mke wangu, ambaye neno hilo ndilo kazi yake, hakulisema. Na humu nimeandika hadi hapa bila kulitumia isipokuwa sasa, kwa kumnukuu mama.

Binti yangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitupa.

"Mimi si mgonjwa, Bibi."

"Basi ndoo hapa ule."

Hakuja. Wala hakwenda chumbani kwake. Aliteleza chini taratibu akakaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu ya mlango, magoti kifuani, ushungi ukamfunika hadi miguuni. Bibi aliendelea na tasbihi. Mimi niliendelea kukuna nazi kwa sababu mkono ulikuwa umekwisha kushika mwendo. Kipande cha mkate nimekiweka karibu naye, sakafuni, kwenye kibao, si kwenye sahani. Sikumtazama. Sijui kama kimepungua.

Yuko hapo hadi sasa ninapoandika, na simu yangu imeegemea kopo la chumvi.

Kila Jumatano wakati kama huu huloweka mbaazi za asubuhi. Nimetoa gunia dogo, nimeshika kikombe cha kupimia. Tangu alipoanza hizi Alhamisi zake huloweka za watu wawili, na sijawahi kuliona hilo kuwa jambo.

Nimeloweka za watatu.